Namna ya kula mwezi muzima ili siku zako za damu ya mwezi zisikusumbue

Badada zangu, wengi wetu tunakumbukaka chakula siku ile tumbo inaanza kuuma njo tunakimbilia kinini, kumbe mwili uko unahesabu vile tulikula tangu wiki tatu za nyuma. Kwa hiyo hii si mambo ya kula vizuri siku ine tu.

Kitu ya kwanza ni kula ya kutosha. Miye nikiwa mwanafunzi hapa Bukavu nilikuwa nakula mara moja ku siku, mangaribi, asubuhi chai kavu na kupanda milima kwa miguu, halafu miezi tatu nzima sikuona mwezi na niliogopa sana. Ndani ya kichwa kuko sehemu inaitwa hipotalamu, njo inatumaka amri yai likomae, sasa ikiona nguvu yenye inaingia ni kidogo kuliko ile unatumia, inapunguza amri, yai halikomai na damu haikuje. Lakini mwezi ikipotea na umelala na mwanaume, fanya kwanza tesi ya mimba! Kama hauna makuta ya sahani tatu, gawanya ile iko: asubuhi kiazi ao ndizi na karanga, isiwe chai peke yake.

Sasa feri, ile madini ya chuma yenye inasaidia kutengeneza damu, hapa njo naomba musome polepole. Kila mwezi damu inatoka na feri, ndiyo maana mwanamuke anahitaji karibu miligramu 18 ku siku, mwanaume 8 tu. Sombe, lengalenga na maharagi ziko nayo, ila feri ya mimea inaingiaka mu mwili kwa shida, kwa hiyo tia sambaza ndani ya sombe, hata kiganja kimoja, juu samaki na nyama zinasaidia ile ya majani iingie pia. Maharagi loweka usiku na umwage ile maji. Vitamini C nayo inasaidia feri iingie: ndimu kamulia ukishaepua, juu moto unaharibuka hiyo vitamini, ao kula mapera ao marakuja nyuma ya chakula. Na tafazali, ile habari eti ndimu inakata damu ya mwezi si kweli, bamama batatu walishaniambia hivyo na binti zao wanakatazwa matunda wakati wanaihitaji zaidi.

Chai je? Chai ya kwetu ni tamu, sitakukataza, lakini usikunywe pamoja na chakula, inafunga feri, ngoja saa moja hivi. Kahawa vilevile. Na ile pemba tunatafunaka, ile udongo, hamu yake mara mingi inaonyesha feri imepungua, na ukiila inazuia tena ile kidogo unapata, unaona vile unazunguka palepale?

Kwa maumivu, tangawizi iliyopondwa mu maji ya moto siku mbili tatu za kwanza inasaidia batu wengi, samaki pia. Kama unavimbaka mbele ya mwezi, punguza chumvi na vile vikibe vya supu. Na wenye kilo zimepanda sana, mafuta ya mwili nayo inatengenezaka homoni na mwezi inaweza kuchelewa, anza kwa kuacha sukre ya kila siku, lakini usijinyime chakula.

Chukua kakaye, andika siku damu imeanza, siku imeisha, na kama ilikuwa mingi. Kutoka mwanzo wa mwezi moja mpaka mwanzo wa ingine, siku 21 mpaka 35 ni sawa kwa mutu mukubwa. Baada ya kubadilisha chakula ngojea miezi mbili tatu, haionekanaka ku wiki moja. Ila ukijaza Kotex moja kila saa, damu ikipita siku 7, ao mwezi ikipotea miezi tatu, usitegemee sombe, enda ku kituo cha afya na ile kakaye, omba wapime hemoglobini, ile kitu nyekundu ya damu yenye iko na feri. Chini ya gramu 12 ku desilita wataona damu yako imepungua na wanaweza kukupa kinini za feri: meza na maji ao na maji ya chungwa, usimeze kamwe na chai, na ukiona choo imekuwa nyeusi usishituke, ni feri inafanya hivyo.