Somo: Kujiandaa kwenda Oman ukitokea Kisumu, na maswali ya wanachama

Wengi wanaoniuliza kuhusu safari ya Oman huanza na nguo. Swali ni zuri na nitalifikia, lakini ukikosea nguo aghalabu utaambiwa ujitande, basi. Vinavyomtia msafiri matatani ni dawa alizobeba, mwezi aliouchagua na mzigo wa mtu mwingine. Naomba msome hatua hizo kwa utulivu zaidi kuliko nyingine.

Jambo moja kabla hatujaanza. Hakuna sheria moja ya "nchi za Kiislamu". Sharjah pombe ni marufuku kabisa, na Dubai iliyo jirani yake inauzwa hotelini, ilhali zote mbili ziko ndani ya Falme za Kiarabu. Falme hizo zilihamishia mapumziko ya wiki Jumamosi na Jumapili kuanzia Januari 2022. Oman bado inapumzika Ijumaa na Jumamosi. Kwa hiyo shangazi aliyefanya kazi Dubai hawezi kukupa masharti ya Maskati, mji mkuu wa Oman. Uliza kuhusu nchi unayokwenda.

Hatua ya 1: Karatasi

Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele yake. Kama huna, maombi hufanywa kupitia eCitizen, na watu wa Nyanza na Magharibi wanaweza kupigwa picha na kutoa alama za vidole katika ofisi ya uhamiaji ya Kisumu bila kwenda Nairobi. Viza ya Oman huombwa mtandaoni kwa Polisi wa Kifalme wa Oman. Lipia kwenye tovuti yao wenyewe. Zipo nyingi zinazofanana nayo ambazo zitakutoza mara mbili.

Kisha kadi ya njano. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano, na Oman hudai cheti kutoka kwa wanaotoka nchi hizo. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo anayekimbilia sindano wiki ya safari amechelewa. Kama ulichanjwa zamani, usitupe kadi: tangu Julai 2016 inahesabiwa ya maisha. Hakikisha jina lililo kwenye kadi ni lile lile la pasipoti, herufi kwa herufi.

Hatua ya 2: Kalenda

Ramadhani husogea nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka wa kizungu. Ile ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kutegemea mwandamo wa mwezi. Si vibaya kwenda wakati huo, na usiku wake una uchangamfu mkubwa, ila mchana maduka mengi hufungwa na saa za ofisi hupunguzwa. Kama una siku chache na unataka kuona mengi, chagua Novemba au Desemba. Juni na Julai joto la Maskati hupita nyuzi 40, na sisi wa kando ya ziwa tunaojiona tumezoea jua la Kondele bado hatujalijua lile.

Hatua ya 3: Dawa

Hapa ndipo ninapowasihi. Kemisti wetu wana mazoea ya kuhesabu vidonge na kuvitia katika bahasha ndogo ya karatasi, wakaandika juu yake "1x3" kwa kalamu. Bahasha hiyo haifai kuvuka mpaka. Afisa wa forodha hawezi kujua ndani mna nini, na wewe huwezi kumthibitishia. Mwambie kemisti akupe dawa ndani ya pakiti yake, na umwombe daktari barua yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, jina la dawa yenyewe, kipimo, na ugonjwa inaoutibu. Beba kiasi cha siku utakazokaa.

Dawa zenye kodeini au tramadoli zinadhibitiwa vikali Oman na Ghuba nzima. Watu hudhani hilo linawahusu watumiaji wa mihadarati peke yao. Betapyn, ambayo wengi wetu tunaimeza kichwa kikiuma, ina kodeini. Baadhi ya dawa za maji za kikohozi pia zinayo. Geuza pakiti, soma kilichomo, na ukikuta mojawapo ya majina hayo iache nyumbani ubebe parasetamoli ya kawaida. Kama daktari amekuandikia na huwezi kuishi bila hiyo, uliza ubalozi wa Oman ulioko Nairobi kabla ya kukata tiketi, tena upate jibu la maandishi.

Miraa na muguka ni dawa za kulevya mbele ya sheria ya kule. Kagua mifuko ya koti lako la zamani na pembe za begi, hasa begi la kuazima. Majani makavu yaliyosahaulika mfukoni yanatosha kukuharibia maisha.

Hatua ya 4: Mzigo wa mtu

Usibebe. Hata wa rafiki wa kanisani, hata kama ni unga tu. Utakapoulizwa "begi hili ni lako?" jibu lako linakuwa la kisheria.

Hatua ya 5: Nguo

Wanawake wageni hawalazimishwi kuvaa baibui. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kadhalika wakiwa mjini. Dera linafaa sana, mradi uvae gaguro ndani, maana madera yetu mengi yanaonyesha mwanga ukipita. Ukitaka kuingia Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001 na wenye zulia la kufumwa kwa mkono la mita za mraba 4,343, mwanamke afunike nywele na mikono hadi viganjani, na mwanamume avae suruali ndefu. Wasio Waislamu huingia asubuhi, saa 2 hadi saa 5, siku zote isipokuwa Ijumaa.

Hatua ya 6: Pesa na safari yenyewe

Riali moja ya Oman ni kama dola 2.60, yaani zaidi ya shilingi 330 zetu, na imegawanywa baisa 1,000. Ukiona bei "2" usifurahi upesi. Plagi zao ni za pini tatu kama zetu, na saa yao iko mbele kwa saa moja. Usipange basi la Kisumu lifike Nairobi asubuhi ya siku ile ile unayoruka. Msongamano kati ya Mau Summit na Rironi haujali tiketi yako. Lala Nairobi.

Hatua ya 7: Ukiwa nyumbani kwa watu

Vua viatu mlangoni. Utaletewa tende kwanza, kisha kahawa chungu yenye iliki katika kikombe kidogo kisicho na mkono. Pokea kwa mkono wa kulia. Mwenyeji, au kijana wake, atasimama na birika, na kila ukimaliza atakujazia tena, kwa sababu kumnyima mgeni ni aibu kwake. Ukitosheka, tikisa kikombe kidogo kushoto na kulia unapomrudishia. Hapo ataelewa, na hutahitaji kusema neno. Usiulizie habari za mke wa mwenyeji; uliza "watu wa nyumbani hawajambo?" inatosha.

Mazoezi ya haya yote hayahitaji ndege. Mumias ina Waislamu tangu enzi za Nabongo Mumia, na Kisumu kuna majirani wa Kinubi kule Kibos. Waombe wakukaribishe futari. Utajifunza mengi kuliko ninavyoweza kuandika.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama kutoka Nyamira: Mimi ni Msabato. Nitaabudu wapi, na je, Biblia yangu itachukuliwa?

Mama, Biblia ya kusoma mwenyewe haina tatizo. Maskati ina makanisa yaliyoruhusiwa katika viwanja maalumu vya Ruwi na Ghala, na Wakristo wengi huko husali Ijumaa kwa kuwa ni siku ya mapumziko. Kwako ni nafuu zaidi, maana Jumamosi pia ni mapumziko. Usilolifanya ni kuhubiri barabarani au kugawa vijitabu. Hilo ni kosa la jinai.

Mwanachama wa Nakuru: Nikiwa huko Ramadhani nitakula wapi mchana? Nina vidonda vya tumbo.

Chumbani kwako, au katika mikahawa ya hoteli iliyopewa ruhusa na kuzibwa isionekane. Usile, usinywe hata maji, wala usivute sigara barabarani au ndani ya gari kabla ya magharibi. Sheria ya Oman inaadhibu jambo hilo, kwa mgeni pia. Nunua vitu vyako usiku, uweke chumbani.

Mwalimu kutoka Vihiga: Kiswahili changu kitanifikisha wapi?

Mbali, Mwalimu. Familia nyingi za Oman zilikaa Unguja, Pemba na bara, na wengi walihamia Oman baada ya mapinduzi ya 1964. Utakisikia sokoni Mutrah na kwenye teksi. Lakini wao husalimu kwa kirefu. Mzee mwamkie "Shikamoo", subiri akuulize habari za huko ulikotoka, ndipo uulize bei. Ukianza na bei utauziwa, ila hutakaribishwa.

Dada kutoka Kisumu: Nimpe mwanamume mkono nikimsalimia?

Dada, ngoja yeye aanze. Asiponyoosha mkono, weka wako kifuani, utabasamu. Hajakudharau. Na kaka zetu wasiwanyooshee wanawake mkono, wala kuwapiga picha bila idhini. Vituo vya polisi, kambi za jeshi na uwanja wa ndege usivipige picha kabisa.

Kijana kutoka Kakamega: Kuna mtu amenilipia tiketi na viza ya matembezi, anasema nikifika atanibadilishia iwe ya kazi. Nifanye nini?

Ndugu yangu, usiende. Mwisho wa Oktoba 2023 Polisi wa Kifalme wa Oman walisimamisha kubadilisha viza za matembezi kuwa za kazi. Ukifanya kazi kwa viza ya matembezi wewe ndiye mvunja sheria, na anayekushikia pasipoti anajua hivyo, kwa hiyo hutaweza hata kudai mshahara. Kama unatafuta kazi, anza na wakala aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, udai mkataba wenye jina la mwajiri na mshahara kabla ya kutoka Kakamega, na umwachie mzazi nakala pamoja na namba ya ubalozi wetu Maskati. Huyo aliyelipa tiketi mwombe akutumie mkataba huo leo. Akisema utauona ukifika, mrudishie tiketi yake.