Kichanganyio cha biodizeli: pipa la lita 200 na pampu ya maji

Biodizeli ni mafuta ya injini za dizeli yanayotengenezwa kwa mafuta ya kula, methanoli (aina ya alkoholi) na kostiki soda. Mafuta na methanoli havichanganyiki vyenyewe, kwa hiyo ubora wa biodizeli yako utategemea sana mtambo wa kuchanganyia. Wengi huanza na ndoo wazi na drili yenye pangaboi. Acha kabisa. Drili hutoa cheche, mvuke wa methanoli hushika moto hata kwa joto la kawaida la Mwanza, na mwali wake hauonekani vizuri juani.

Vifaa: pipa la chuma la vizibo viwili lililokuwa na mafuta ya kula (lililobeba petroli lisichomelewe), pampu ya maji ya nusu hospawa isiyo na brashi, koki tatu za chuma, tii (kiungo cha mabomba chenye njia tatu) na mabomba meusi ya chuma. Mabomba yenye zinki hayafai. Aluminiamu nayo huliwa na kostiki soda, ikatoa haidrojeni.

1. Pipa. Lipindue juu ya stendi, kizibo cha inchi 2 kiwe chini, kisha inua upande wa pili sentimita 6 hivi ili gliserini (uchafu mzito unaojitenga na biodizeli) yote iteremkie hapo. Fundi wa kuchomelea (Nyakato wapo wengi) aweke juu matundu matatu: la kujazia, la bomba la kurudishia na la kupumulia. La kupumulia lisizibwe kamwe; mpira wake utoke nje.

2. Mzunguko. Kwenye kizibo funga tii: koki moja ya kumwagia, nyingine iende kwenye pampu. Pampu ikae chini ya pipa, la sivyo itavuta hewa. Bomba la kurudishia liingie ndani sentimita 60, mdomo uzame kwenye mafuta. Ukirusha mafuta kutoka juu, unatengeneza mvuke tu.

3. Njia ya methanoli. Koki ya tatu, ya nusu inchi, iingie upande wa pampu unaovuta. Hii ndiyo siri ya mtambo: methanoli inapondwa ndani ya pampu kabla haijafika kwenye pipa.

4. Jaribu kwa maji saa nzima, kaza panapovuja, kisha kausha kabisa. Maji yakibaki utapata sabuni.

5. Kuchanganya. Chuja lita 100 za mafuta ya chipsi au ya kukaangia samaki, yachemshe pembeni hadi yaache kutatarika, yapoe hadi nyuzi 55. Usizidishe: methanoli huchemka nyuzi 64.7 usawa wa bahari, na Mwanza, mita zaidi ya 1,100 juu, huchemka mapema zaidi. Zima moto wote ndipo ufungue methanoli, lita 20. Kostiki soda ni gramu 3.5 kwa lita ya mafuta, ongeza gramu 1 kwa lita kwa kila mililita ya kipimo cha asidi (mililita za maji yenye kostiki soda gramu 1 kwa lita zinazotosha kuua asidi ya mililita 1 ya mafuta). Iyeyushe kwenye methanoli kidogo kidogo, ndani ya jerikeni gumu la plastiki. Miwani na glavu ni lazima. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huu, kwa hiyo simama upande upepo unakotoka. Mchana kwa kawaida ni ziwani.

Ingiza mchanganyiko polepole kwa dakika 10, zungusha saa moja. Umeme ukikatika, ukirudi anza saa upya. Acha hadi kesho, mwaga gliserini.

6. Kipimo. Mililita 3 za biodizeli ndani ya 27 za methanoli, tikisa. Tone la mafuta likibaki chini, uchanganyaji haukukamilika: angalia kwanza kama pampu inavuta hewa au mpira umevimba (mipira ya kawaida huvimba), kisha rudia na methanoli na kostiki kidogo kabla ya kuosha.