Kujenga au kununua: tulivyoamua sisi, Unguja

Kabla hujataja bei, nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo. Muulize nyumba au kiwanja ni cha nani, na kama kuna mirathi ambayo haijagawiwa. Ile ya kwanza tuliyoipenda, kule Mwera, tulikuwa tunazungumza na kijana mmoja tu. Kumbe warithi ni saba, na dada yao aliyeko Wete, Pemba, hana habari. Tukaiacha. Kila mrithi atie saini, hata kama ni mtu wa karibu yako. Na kwa kuwa ardhi ya Zanzibar ni ya umma, unachopata ni haki ya kuitumia, basi dai hati yake.

Nyumba iliyokwisha jengwa ikague wakati wa masika. Utaona paa linalovuja, karo linalofurika, njia iliyogeuka mto. Mji Mkongwe ni habari nyingine: kuta za mawe na chokaa ukizipiga plasta ya saruji unafungia unyevu ndani, na boriti zinaoza.

Sisi tulijenga Fuoni, kwa sababu fedha ilikuja kidogo kidogo. Vyumba viwili, choo, paa, tukahamia. Baraza na ua tuliviongeza baadae.