Kushusha spidi na voltaji ya prosesa ku simu yenye ruti, batri ifike mpaka umeme urudi

Hapa Lubumbashi, ku Katuba kwetu, umeme unaenda saa ile unauhitaji na unarudi saa ile umelala, njo maana kila mtu anatembea na hesabu ya batri kichwani: nimebakiza 34, nikizima data nafika usiku, nikiiacha nafika saa kumi. Mimi nilichoka na hesabu hiyo. Niko na simu mbili zenye ruti, yaani zimefunguliwa niweze kugusa mfumo wa ndani, Nexus 5 ya zamani na Redmi Note 4 aliyoniachia mdogo wangu, na kwa hizo mbili nimechezea prosesa, ule ubongo wa simu, mpaka nimejua wapi kuna faida na wapi ni kujisumbua bure. Naandika vile nilifanya, pamoja na usiku ule nilijiletea shida kwa mkono wangu mwenyewe.

Kama simu yako haina ruti, hii si ya kwako bado. Kuweka ruti kunaomba kwanza kufungua bootloader, ile programu inayowasha simu, na hiyo inafuta kila kitu ndani, picha, meseji, yote, kiisha apu zingine za benki zinakataa kabisa kufunguka ku simu yenye ruti. Kutuma pesa kwa kuandika kodi ya namba inaendelea kama kawaida, hiyo usiogope.

Kabla ya kugusa kitu, elewa jambo moja, juu bila hilo utakuwa unabonyeza tu. Prosesa inakula umeme kufuatana na vitu viwili, spidi na voltaji, lakini havina uzito sawa, voltaji inahesabiwa mara mbili, inazidishwa yenyewe kwa yenyewe. Chukua prosesa inayotembea na milivolti 1000, ishushe mpaka 900, spidi usiiguse: 0.9 mara 0.9 ni 0.81, umeokoa 19 kwa mia ya umeme wa kazi na simu haijapoteza mbio hata kidogo. Sasa geuza, acha voltaji palepale na ushushe spidi toka megahezi 2000 mpaka 1600. Kila sekunde inakula 20 kwa mia pungufu, sawa, lakini kazi iliyokuwa inaisha kwa sekunde 4 sasa inaisha kwa sekunde 5, piga hesabu utaona umerudi ulikotoka, tena skrini imewaka sekunde moja ya bure.

Basi mbona watu wanashusha spidi peke yake na batri inadumu kweli? Ni juu kerneli, ile programu ya ndani inayoongoza prosesa, iko na orodha, kila spidi na voltaji yake, na ngazi za juu kabisa njo zinaomba voltaji nyingi. Ukikata ngazi mbili tatu za juu, voltaji nayo inashuka bila wewe kuigusa. Ni kama mbabula: ukipepea kwa nguvu zote bukari inaiva mbele kidogo, lakini angalia makala vile inaisha.

Sasa tuanze. Fungua Termux ao terminali yoyote, yaani apu ya kuandikia amri, andika su, amri ya kuomba ruti, ukubali, kiisha uliza simu yako ina ngazi gani:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_available_frequencies

Itakutolea mstari wa namba. Ziko kwa kilohezi, kwa hiyo 2016000 ni megahezi 2016. Redmi Note 4 yenye Snapdragon 625 inaishia hapo, na chini yake utakuta 1689600, 1401600, mpaka 652800. Nexus 5 inafika 2265600 na inashuka mpaka 300000. Andika namba zako ku karatasi, usitumie za mtu mwingine.

Kiisha angalia simu yako inashinda ku ngazi gani. Hapa njo watu wengi wanaruka, na hapa njo kuna ukweli wote:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/stats/time_in_state

Safu ya kwanza ni spidi, ya pili ni muda, na muda huo unahesabiwa kwa vipande vya milisekunde 10, kwa hiyo 6000 ni dakika moja. Kama terminali inakuchosha kuna apu zinazokuonyesha hayo kwa picha, Kernel Adiutor ao EX Kernel Manager, na hizo zinakuonyesha pia deep sleep, yaani muda simu imelala usingizi wa kweli. Tumia simu yako siku moja bila kubadilisha kitu halafu uangalie. Mimi niliangalia ya mdogo wangu nikacheka: simu ilikuwa mfukoni siku nzima na deep sleep ni kidogo kabisa, kumbe apu moja ya matokeo ya mpira ilikuwa inaiamsha kila mara. Hapo hakuna spidi ya kupunguza, toa apu na maneno yameisha. Vilevile kama ku mipangilio unaona skrini njo inakula sehemu kubwa, punguza mwangaza kwanza, haihitaji ruti.

Kitu kingine cha kwetu: umeme ukikosa mu kartie, mara nyingi network nayo inakuwa dhaifu, na simu inaanza kutafuta antena kama kichaa. Saa hiyo prosesa haina kosa. Weka 2G peke yake ao hali ya ndege mpaka mambo yatulie.

Ukiona kweli prosesa inashinda juu, kata kichwa. Kwa Redmi niliandika hivi:

echo 1689600 > /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_max_freq

Kiisha soma tena kwa cat faili ileile, juu mara nyingi kuna programu ya mfumo inayosimamia joto na mbio ambayo inaandika namba yake juu ya yako, unafikiri umepunguza kumbe baada ya dakika mbili imerudi 2016000. Ikirudi, tumia zile apu, zinajua kushikilia. Kama simu yako ina kori, zile sehemu za prosesa zinazofanya kazi, ndogo na kubwa, ingia mu /sys/devices/system/cpu/cpufreq/ utakuta policy0 na nyingine kama policy4 ao policy6. Kwa kawaida policy0 ni zile ndogo, ziache zilivyo, hazina ulaji wa kukutisha. Kata zile kubwa. Watu wanakata zote sawasawa halafu wanalalamika simu imekuwa konokono.

Ukate kiasi gani? Ngazi mbili ao tatu toka juu, basi. Ukishuka mpaka nusu, WhatsApp inachelewa kufunguka, unabaki unashika simu skrini inawaka, na tulishafanya hesabu hiyo hapo juu. Ngazi ya chini kabisa usiipandishe.

Governa, yaani yule anayeamua lini kupanda na lini kushuka, usimchezee sana. Schedutil ku kerneli mpya, interactive ku za zamani, zinatosha. Powersave jina lake linadanganya: inafunga prosesa ku ngazi ya chini kabisa, hata kama una kazi nzito, na simu inakuwa mateso. Performance inafunga juu kabisa, hiyo ni ya wale waliochomeka chaja. Conservative inapanda ngazi moja moja, niliijaribu wiki moja ku Nexus, batri sawa lakini kibodi ilikuwa inanichelewesha kila herufi, nikaiacha.

Sasa voltaji, na hapa nitasema ukweli ambao hautapendeza: simu nyingi za leo hazikupi mlango huo. Mu simu mpya voltaji inasimamiwa na chip yenyewe, kerneli ya kiwandani haina faili la kuandika, na hakuna apu itakayoitengeneza hata ikiwa na picha nzuri ya namna gani. Mlango uko ku simu za zamani zilizo na kerneli ya kutengenezwa na watu. Angalia kama una hii:

/sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/UV_mV_table

Redmi haina. Nexus 5 yangu, baada ya kuweka kerneli nyingine, inayo. Ukiisoma unapata kila spidi na milivolti zake.

Na hapa usikopi namba za mtu, hata kama ana simu sawa na yako kabisa. Chip zinatoka kiwandani hazifanani, zingine zinahitaji voltaji kidogo, zingine nyingi, na zile Snapdragon 800 za Nexus 5 zilipangwa kwa madaraja, PVS wanaita, kila daraja na orodha yake. Mwenzako anashusha 100 na simu inatembea vizuri, wewe unashusha 50 inazima.

Njia yangu ni hii. Shusha milivolti 25 kwa ngazi zote, ndani ya apu kuna kitufe cha kushusha zote pamoja. USIWEKE TIKI ya kuanza pamoja na simu. Hii njo kamba yako ya usalama: chochote unachoandika mu /sys kinapotea simu ikizimwa, kwa hiyo simu ikiganda unashikilia kitufe cha kuwasha mpaka ijizime na kuwaka upya, inarudi kama ilivyotoka, kwa kawaida hakuna kilichoharibika. Ukiweka tiki mbele ya kujaribu, simu inawaka, inasoma voltaji mbaya, inaganda, inawaka, inaganda, na sasa unatafuta kompyuta na kebo, na umeme wenyewe hakuna.

Baada ya kushusha 25, ipe kazi nzito. Mu terminali andika mstari huu mara nne kama una kori nne:

while true; do :; done &

Iache dakika 15 mpaka simu ipate joto, kiisha andika kill $(jobs -p). Ikipita, itumie siku nzima kawaida, kamera, simu, video. Kesho yake shusha 25 nyingine. Siku itaganda ao itajizima yenyewe, na lazima itafika, pandisha 25 mpaka 50 juu ya pale iliposhindwa na ukae hapo. Usikae ku mpaka wenyewe. Kama unafanya hii mwezi wa sita wakati wa baridi, kumbuka mwezi wa kumi joto la hapa kwetu unalijua, jaribu tena kipindi hicho.

Shida yangu ilitoka ku ngazi za chini. Nilikuwa nimeshusha 75, kazi nzito inapita, mchezo unapita, nikajiona fundi. Nikashusha 25 nyingine ku megahezi 300 peke yake, nikisema huko simu inalala tu, itagundua nini. Usiku nikaweka alamu saa kumi na moja ya alfajiri nikapokee tantini anayetoka Likasi. Nikaamka saa moja na jua, simu iko nyeusi kama jiwe, nabonyeza hakuna. Tantini alinisubiri saa mbili amekaa juu ya mfuko wa unga, na alipofika nyumbani kitu cha kwanza alisema, "Weye mwana, simu yako iko ya kufanya nini?" Sikuwa na jibu. Simu haikuwa imekufa, ilishindwa tu kuamka: ilikuwa imeshuka mpaka 300, voltaji haikutosha, ikaganda skrini imezimwa, na hakuna wa kuiona. Kwa hiyo majaribio ya kazi nzito hayatoshi, ngazi za chini zinajaribiwa kwa kulala. Iache usiku mzima skrini imezimwa na uweke alamu ku simu ya mtu mwingine.

Faida ipimwe kwa haki. Chaji mpaka 100, hali ya ndege, mwangaza uleule, video ileile iliyo ndani ya simu, kwa muda wa saa mbili, kiisha andika asilimia zilizobaki. Rudia siku ingine na namba mpya. Usilinganishe Jumatatu ya kazi na Jumapili ya kanisa. Mu Nexus yangu spidi iliyokatwa pamoja na voltaji iliyoshushwa 50 ilinisogeza toka saa tisa mchana mpaka jioni kidogo, na kubwa zaidi haichomi tena mkono nikipiga simu ndefu. Mu Redmi, kukata spidi peke yake sikuona tofauti ya maana. Kutoa ile apu ya mpira njo kulinipa usiku mzima.

Ukipita wiki mbili bila kuganda, weka tiki, na kama apu yako ina chaguo la kuchelewesha baada ya kuwaka, weka dakika moja ao mbili, upate nafasi ya kuingia na kuitoa kama kitu kimeharibika. Boot.img ya mwanzo, lile faili lenye kerneli, iwe ku kompyuta ao ku kadi, si ndani ya simu. Na siku ukibadilisha ROM, yaani mfumo mzima wa simu, ao kerneli, toa tiki KWANZA, juu orodha mpya inaweza kuwa imeshashushwa na yule aliyeitengeneza, na 50 zako zikienda juu ya zake, tantini atasubiri tena.