Jinsi ya kujua umri wa pikipiki ya mzee kwa namba zake, na kuomba kadi yake TRA Mwanza

Wengi wanaorithi pikipiki husoma kibao cha nyuma na kupiga hesabu ya umri hapo hapo. Kosa huanzia hapo. Kibao kinaonyesha pikipiki iliandikishwa lini Tanzania, lakini mwaka wa kutengenezwa umo kwenye fremu. Honda ya miaka ya 1980 inaweza kubeba namba inayofanana na ya Boxer iliyotoka dukani ikiwa mpya. Ukijaza fomu kwa kubahatisha mwaka, mkaguzi ataikuta tofauti na utaanza upya. Kwa hiyo soma kwanza, andika baadaye.

Kibao

Namba zinazoanza na TZ ni za mfumo wa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja mfumo wa T, tarakimu tatu, herufi tatu, na pikipiki zilitumia namba hizo pamoja na magari. Katikati ya miaka ya 2010 pikipiki zikatakiwa kuandikishwa upya kwa namba za MC. Hapa ndipo watu wanapopotea: MC yenye herufi za mwanzo wa alfabeti inaweza kuwa ya pikipiki mpya ya wakati ule, au ya pikipiki kongwe iliyobadilishiwa namba. Kama pikipiki ya mzee bado ina T au TZ, maana yake haikupelekwa kwenye zoezi lile, na ombi lako litaanzia kwenye kuandikishwa upya.

Rangi nayo inasema. Kibao cha njano ni cha matumizi binafsi, cheupe ni cha biashara. Na ukikuta kibao cha zamani cha DFP, SU au SM kimetupwa stoo, kihifadhi. DFP ni mradi wa wafadhili, SU ni shirika la umma, SM ni serikali za mitaa. Yamaha na Honda nyingi za vijijini zilianzia huko, zikauzwa kwa mnada. Pikipiki ya mradi mara nyingi iliingizwa nchini kwa msamaha wa kodi, kwa hiyo utahitaji hati ya mnada na uthibitisho kwamba kodi ililipwa ilipohamia kwa mtu binafsi. Bila karatasi hizo, faili linakwama hata kama kila kitu kingine kimenyooka.

Fremu

Namba ya chesisi kwa kawaida imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingia, mara nyingi upande wa kulia. Geuza usukani kushoto hadi mwisho, umulike kwa tochi. Namba ya injini iko kwenye mwili wa injini chini, kwa nyingi upande wa kushoto karibu na gia.

Pikipiki iliyobeba sangara kutoka mwaloni inakuwa na kutu nene hapo, kwa sababu maji ya barafu na samaki yanatiririka na kukaa kwenye maungio. Usishike grainda, wala tupa ya chuma, wala msasa mkavu. Namba imechimbwa kina kidogo sana, na ukiikwangua mara mbili tatu itapotea. Mkaguzi akiona chuma kinang'aa palipopaswa kuwa na namba, atahisi imefutwa makusudi, na hilo ni suala la polisi. Paka mafuta ya taa, acha usiku mzima, asubuhi sugua kwa mswaki mgumu na kitambaa. Kisha paka chaki nyeupe na ufute juu juu: chaki inabaki ndani ya michoro na namba inasomeka vizuri kwenye picha. Mwisho weka karatasi nyembamba juu yake na usugue penseli ubavu ili upate nakala halisi. Tengeneza nakala mbili.

Sasa hesabu herufi na tarakimu. Zikiwa 17, angalia ya kwanza: L ni China, M mara nyingi ni India (MD2 ni Bajaj, MD6 ni TVS), J ni Japani. Halafu nenda ya kumi kutoka kushoto, kwani kwa pikipiki za China na India hiyo ndiyo huwa ya mwaka. V ni 1997, W 1998, X 1999, Y 2000. Kisha tarakimu 1 hadi 9 ni 2001 hadi 2009, A ni 2010, B 2011, C 2012, D 2013, E 2014, F 2015, G 2016, H 2017, J 2018, K 2019. Herufi I, O na Q hazitumiki kabisa kwenye namba hizi. Ukisoma O, hiyo ni sifuri. Mzunguko ni wa miaka 30, hivyo A inaweza kuwa 1980 au 2010, lakini Boxer haiwezi kuwa ya 1980.

Japani ni habari nyingine. Pikipiki zake za zamani zina namba fupi, yaani jina la modeli, kistari, kisha mfululizo wa tarakimu, na hakuna herufi ya mwaka ndani yake. Hapo unalinganisha mfululizo huo na orodha ya vipuri ya modeli husika. Hata zenye namba 17, ya kumi si lazima iwe mwaka.

Ushahidi mwingine uko nyumbani. Leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, lakini stika zake za zamani bado zimo kwenye mabegi ya wazee, zikiwa na namba na tarehe. Picha ya mzee ameketi juu ya pikipiki, kibao kikionekana, nyuma ina muhuri wa studio, nayo inasaidia kupata namba ya zamani ambayo kadi imepotea nayo.

Maombi

Njia inategemea kadi iko kwa jina la nani. Kama mwenye kadi yu hai, ombi la nakala ya kadi iliyopotea linatakiwa kutoka kwake: ripoti ya upotevu ya polisi, kitambulisho cha NIDA na TIN. Akikuuzia au kukupa, andaeni mkataba mbele ya wakili, nyote mkiwa na TIN.

Kama amefariki, hakuna njia ya mkato. Familia ifanye kikao na kuandika muhtasari unaomteua msimamizi, ichukue cheti cha kifo, ifungue shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akipewa Fomu Namba IV, yaani hati ya kuteuliwa kwake, ndiye anayesaini uhamisho. Na pikipiki iandikwe kwenye orodha ya mali, Fomu Namba V, ikiwa na namba ya kibao na ya chesisi. Orodha hiyo inatakiwa mahakamani ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa.

Angalieni majina mapema. Kadi za zamani ziliandikwa kwa mkono wa karani aliyesikia tu: Ng'wandu akawa Mwandu. NIDA ikisema moja na kadi nyingine, mtahitaji hati ya kiapo, na ni bora kwenda nayo kuliko kurudishwa kutoka mjini hadi Ukerewe kuifuata.

Kabla ya kwenda, ingiza namba ya pikipiki kwenye mfumo wa TMS wa polisi uone kama kuna faini. Kama injini ilibadilishwa, beba risiti ya injini; badiliko hilo linaombwa kama marekebisho ya taarifa, baada ya ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani. Usilifiche, maana mkaguzi huanza na namba ya chesisi na ya injini.

TRA watakupa namba ya malipo. Lipa benki au kwa simu kwa namba hiyo tu, usimpe mtu fedha mkononi mlangoni. Ada hubadilika na Sheria ya Fedha ya kila Julai, kwa hiyo kiasi alicholipa jirani mwaka jana kisikuongoze.

Kadi ikitoka, usiondoke dirishani. Toa ile karatasi ya penseli, linganisha tarakimu moja moja: chesisi, injini, mwaka, rangi, matumizi. Kosa la herufi moja likionekana hapo hapo linaombewa marekebisho ukiwa na nyaraka zote mkononi.