Stesheni Zikitoweka kwa Mama Mombasa, Usikimbilie Kulipia Kifurushi

Simu za aina hii huanza na salamu ndefu. Hujambo, watoto hawajambo, baridi ya huko imepungua? Kisha mama anashusha pumzi: "Mwanangu, TV yangu imeharibika. Siku ya tatu leo sijaona habari ya saa moja." Nawe uko Columbus, Marekani, au Leicester, Uingereza, una dakika kumi za mapumziko kazini, basi unachomoa simu na kumlipia kifurushi kikubwa zaidi. Mimi nimefanya hivyo mara mbili. Mama alipata filamu za Kihindi na katuni usiku kucha. Habari ya saa moja haikurudi.

Kampuni ya TV ya kulipia inazibeba tu stesheni kama Citizen, KBC, NTV au KTN, kama matatu inavyobeba abiria. Kampuni na stesheni zikikosana juu ya leseni au mkataba, abiria anashushwa. Tanzania mwaka 2018 stesheni za bure ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya setilaiti vya kulipia kwa sababu ya masharti ya leseni. Marekani kampuni za kebo huvutana na vituo vya mji juu ya malipo ya kuvirusha, na mkataba ukiisha bila maelewano mtazamaji huamka akakuta kioo cheusi. Ila mawimbi ya antena yanaendelea kupita juu ya paa. Mama anahitaji antena, na chombo kinachojua kuyasoma mawimbi hayo.

Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa, uliza: zimepotea zote, au za nyumbani tu? Zikiwa zote, tazama malipo, waya na umeme. Zikiwa za nyumbani tu, mwambie mpwa yeyote aliye karibu apige picha ya mgongo wa TV akutumie kwa WhatsApp. Picha hiyo itakuokolea pesa, na hapa nasema kwa aibu yangu mwenyewe.

Kenya inarusha matangazo ya antena kwa mfumo wa DVB-T2. Marekani wana mfumo wao, ATSC, na mifumo hii miwili haielewani hata kidogo. Mimi nilinunua TV ya inchi 50 huko Marekani, nikaipakia kwenye kontena na magodoro, nikangoja hadi ikashuka bandarini Kilindini. Fundi akaichomeka antena, akatafuta stesheni, hakuna kitu. Akatafuta tena. Mwisho akageuza TV, akasoma kibandiko, akacheka hadi mama akamletea maji. TV nzima, lakini haijui lugha ya hewa ya Mombasa.

Kibandiko hicho ndicho cha kusoma. Kwanza umeme: kikisema 100–240V, sawa, kikisema 120V peke yake, usiichomeke kwenye umeme wa Kenya wa 240V bila transfoma. Pili mfumo: TV ya Marekani itahitaji dekoda ya DVB-T2 isiyolipiwa kila mwezi, iunganishwe kwa waya wa HDMI. Picha ikigoma au ikikatakata, ingia kwenye mipangilio ya dekoda uchague 60Hz. TV ya Uingereza ina nafuu, maana umeme na plagi ni vya namna moja na vya Kenya, lakini hakikisha imeandikwa Freeview HD (Freeview ni TV ya antena ya bure ya Uingereza). Zile za zamani za Freeview ya kawaida zinasoma DVB-T tu, na hiyo haitoshi. Kama TV imenunuliwa Mombasa miaka ya karibuni, huenda DVB-T2 imo ndani tayari. Antena inachomekwa moja kwa moja, basi.

Ukinisikiliza mimi, usisafirishe TV. Tuma pesa ikanunuliwe palepale.

Antena nayo ina mambo yake pwani. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe, na ile antena ndogo ya kuweka juu ya kabati hupata tabu humo. Chini ya mabati ni vivyo hivyo. Antena ya UHF ipande juu ya paa. Ielekee wapi? Tazama antena za majirani zinazoonesha vizuri, hiyo ndiyo dira ya kila fundi. Ifungwe kwa nguvu, kwa sababu kusi ikianza kuvuma huigeuza kidogo kidogo, na picha za dijitali hazififii kama za zamani; zinavunjika vipande kisha zinapotea kabisa. Hewa ya chumvi hula maungio ya waya. Mlipe fundi ayafunge vizuri yasiingie maji, na umwombe picha akimaliza.

Na mwambie mpwa afungie rimoti ya TV na ya dekoda pamoja kwa mpira. Nusu ya simu za "imeharibika" hutokana na rimoti kubonyezwa pasipo pake.

Kama nyumbani kuna intaneti ya faiba, stesheni kubwa za Kenya hurusha matangazo yao mubashara YouTube pia. Lakini kwa bando la simu ni gharama: saa moja ya video ya HD inaweza kula gigabaiti mbili au tatu. Kwa mzee anayewasha TV asubuhi na kuizima anapolala, antena ndiyo ya kutegemea, YouTube iwe akiba.

Kwako wewe ughaibuni ni kinyume: YouTube ndiyo njia ya kupata habari za nyumbani. Ukiwa Uingereza, kumbuka kwamba kutazama kituo cha TV mubashara, hata cha Kenya na hata kwa simu, kunahitaji leseni ya TV. Vipande vilivyopandishwa baadaye havihitaji. Na kama kebo yako ya Marekani imepoteza vituo vya mji, antena ya huko inavinasa bure. Mwenye nyumba akikukataza kuiweka kwenye baraza iliyo yako peke yako, kanuni ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ya tangu 1996, iliyopanuliwa baadaye kuwahusu na wapangaji, iko upande wako.

Saa moja usiku ya Mombasa ni saa sita mchana New York wakati wa kiangazi, na saa kumi na moja jioni London. Ukitaka kuzungumza na mama, ngoja taarifa iishe. Kabla ya hapo hapokei.