Pigo Hukiriwa na Aliyepigwa: Mwongozo kwa Mwanadiaspora Anayeingia Uwanja wa Mapigano ya Zama za Kati

Mara ya kwanza nilipompiga mtu kichwani kwa upanga, nilimwomba samahani. Ilikuwa jioni ya Januari katika ukumbi wa kukodi pembezoni mwa Toronto, na mzee niliyempiga, badala ya kunijibu, alitamka neno moja tu, “good”, kisha akajiangusha chini kama gunia. Nilidhani ananisifu, nikamshukuru. Waliokuwa pembeni walicheka hadi wakashika mbavu, kwa sababu neno lile halikuwa sifa: mzee alikuwa anakiri kwamba pigo limemfika na kwamba yeye, kwa hesabu ya mchezo, ameshakufa. Mwongozo huu ni kwa ndugu zetu walioko ughaibuni wanaovutiwa na mchezo huo, na sehemu yake kubwa itahusu neno hilo moja, kwa kuwa deraya, yaani mavazi ya vita ya kujikinga, hununuliwa na sheria husomwa zikaisha kwa siku mbili, ilhali kukiri pigo kwa usahihi kulinichukua zaidi ya mwaka.

Mchezo wenyewe unaendeshwa na Society for Creative Anachronism, chama kilichozaliwa Berkeley, California, katika tafrija ya uani tarehe 1 Mei 1966, na ambacho leo kimeigawanya dunia katika falme 20 za kubuni. Anayeishi Ontario huangukia ufalme wa Ealdormere, aliyeko Australia au New Zealand yuko Lochac, na Drachenwald inachukua Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati, kwa hiyo ndugu aliyeko Leeds, aliyeko Muscat na hata aliyebaki nyumbani Mombasa, kwenye ramani hiyo, wote wana mfalme mmoja. Mfalme hupatikana kwa kupigana katika mashindano ya taji, hutawala miezi michache, kisha humpisha mwingine bila vurugu, utaratibu ambao baadhi yetu tungeukaribisha kwingineko pia.

Usiuchanganye mchezo huu na ule unaoitwa buhurt, ambao watu hupigana kwa silaha halisi za chuma zilizofanywa butu, na anayeangushwa hadi mwili wake ukagusa ardhi kwa zaidi ya nyayo zake ndiye aliyetoka. Kule huhitaji kukiri chochote, ardhi inakukirisha. Huku kwetu silaha ni henzirani, ile ile iliyotengenezewa bakora ambazo wengi wetu tulizifahamu shuleni kwa namna isiyopendeza. Henzirani haipasuki vipande vyenye ncha kama mti wa kawaida, bali huchakaa taratibu na kufumuka nyuzi kama ufagio, na ndiyo sababu ilichaguliwa. Fimbo ya upanga haitakiwi kuwa na kipenyo kilicho chini ya inchi 1 na robo, hufungwa utepe mzito wa gundi, na kwa kuwa ni ya mviringo, hubandikwa utepe wa rangi nyingine kuonyesha upande wa makali uko wapi. Utepe huo si pambo, kwa maana upanga uliotua kwa ubapa hauhesabiwi.

Kuhusu deraya, tumia fedha zako kwenye chapeo, yaani kofia ya vita, kwanza, na mengine yaazime. Chapeo hutengenezwa kwa chuma cha geji 16, yaani takriban milimita 1.6. Aliyewahi kununua mabati ya kuezekea ya geji 30 au 28 anajua kwamba kadiri namba inavyopungua ndivyo bati linavyonenepa, na hivyo atapata picha ya uzito utakaokaa shingoni mwake. Nondo zinazokinga uso huachiana nafasi isiyozidi inchi 1, ndani huwekwa sponji ngumu ya unene usiopungua nusu inchi, na mkanda wa kidevuni ni lazima. Baada ya kichwa, sheria inataka koo na pingili za shingo zifunikwe, figo zikingwe kwa ngozi nzito au kitu kinacholingana nayo, viwiko na magoti viwe na kinga isiyopinda, na mikono ivae glavu za chuma au ishike upanga wenye kikapu cha kukinga vidole. Mwanamume asisahau kikombe cha kukinga sehemu za siri. Msimamizi atamwuliza mbele ya watu wote kama anacho, na swali hilo hujibiwa bila haya.

Vikundi vingi huwa na seti moja au mbili za deraya za kuazima wageni. Zitakuwa zinanuka. Zivae hivyo hivyo kwa miezi miwili au mitatu kabla ya kununua yako, kwa sababu anayenunua mapema hununua kwa macho, na kinachopendeza machoni mara nyingi humbana kwapani. Kosa langu mimi lilikuwa kuagiza chapeo kwa fundi niliyemwona mtandaoni kwa kipimo nilichojipima mwenyewe kwa kamba ya kiatu. Ilifika baada ya miezi mitano, ikakataa kupita masikioni.

Sasa turudi kwenye pigo. Sheria inamtaka kila mpiganaji achukulie kwamba mpinzani wake, hata akivaa bamba la chuma tangu utosini hadi unyayoni, amevaa dirii ya pete za chuma juu ya koti lililojazwa pamba, kinga za ngozi iliyochemshwa mikononi na miguuni, na chapeo ya chuma iliyo wazi usoni yenye ubamba mmoja wa kukinga pua. Hiyo ndiyo deraya ya kufikirika, nayo inawalingana wote, tajiri na aliyeazima. Pigo linalotosha ni lile ambalo, kama silaha ingekuwa ya chuma, lingeishinda deraya hiyo. Likitua kichwani, shingoni au kiwiliwilini, umekufa. Likitua mkononi, mkono huo umepotea na utauficha mgongoni. Likitua pajani, utaendelea ukiwa umepiga magoti au umeketi. Goti na chini yake hapapigwi, wala kiganja hakihesabiwi, kwa kuwa kiganja kilichoshika silaha huchukuliwa kuwa ni sehemu ya silaha. Uso nao una kanuni yake: ncha yenye sponji ikikugusa usoni kwa kukusudiwa, mguso huo unatosha.

Nani anaamua kwamba pigo limetosha? Si msimamizi, wala si aliyepiga, wala si watazamaji. Ni wewe uliyepigwa. Wasimamizi wanaozunguka na fimbo ndefu wapo kwa ajili ya usalama. Wanaweza kukueleza walichokiona, kwamba upanga ulipita ubapa au uliishia kwenye ukingo wa ngao, na mpinzani anaweza kukuambia alivyolirusha pigo lake, lakini neno la mwisho hutoka ndani ya chapeo yako. Ukisema “good”, umekiri. Ukisema “light”, umesema pigo limefika lakini lilikuwa jepesi, na mchezo unaendelea.

Asiyekiri mapigo wamempa jina la kifaru, kwa maana ya ngozi yake nene. Msemaji wa Kiswahili atalielewa mara mbili, kwani kwetu kifaru ni mnyama na pia ni lile gari la vita la chuma. Kifaru hashitakiwi kwa kelele. Watu humpiga kwa nguvu zaidi na zaidi hadi pigo lisiweze kukataliwa, kisha hukataa kupigana naye, na sheria inawaruhusu, kwa kuwa mtu anaweza kukataa pambano bila kutoa sababu na bila kuvunjiwa heshima. Akizidi, wasimamizi humnyang'anya idhini yake ya kupigana.

Ila kwa uzoefu wangu, sisi tuliolelewa Afrika Mashariki hatuna hatari kubwa ya kuwa vifaru. Hatari yetu ni ya upande wa pili. Tumefundishwa kumpisha mkubwa, kutobishana na mwenyeji, na kusema pole hata kwa jambo ambalo hatukulifanya, basi tukiguswa tu na mtu mwenye mvi tunaanguka kwa adabu. Katika mwezi wangu wa tatu nilipangwa na mzee mmoja mwenye mkanda mweupe, ishara ya ushujaa wa juu katika mchezo huu. Upanga wake uliteleza kwenye ukingo wa ngao yangu ukanipapasa ubavuni, uzito wake haukuzidi wa mtu anayekugusa begani ili umpishe njia. Nikasema “good”, nikaanguka. Alisimama juu yangu, akavua chapeo, akaniomba niinuke, kisha akasema kwa upole kwamba anaomba nisimpe ushindi ambao hakuupata. Nilitamani sakafu ifunguke. Tangu siku hiyo nimewaambia wageni wote wa kwetu kwamba kukubali pigo jepesi ni kusema uongo sawasawa na kukataa pigo zito, na kwamba mkubwa wa mchezo huu anaheshimiwa kwa kuambiwa kweli.

Kipimo cha pigo hujifunzwa kwa mwili. Mwombe mpiganaji mzoefu akupige mahali pamoja, tuseme kwenye bega la ngao, akianza polepole na kuongeza nguvu kidogo kidogo, nawe useme mahali unapodhani pigo limetosha. Yeye atakuambia uwanja wenu hukubali nguvu kiasi gani. Kisha badilishaneni, umpige wewe. Rudieni kwa chapeo, kwa sababu kichwani pigo husikika kabla ya kuhisiwa, na mlio mkubwa humdanganya mgeni akadhani kila kengele ni kifo. Rudieni tena ukivaa deraya yako mpya itakapofika, kwa kuwa sponji nene kupita kiasi humeza pigo, na hapo mtu mwaminifu hugeuka kifaru bila kujua. Nami nilipunguza sponji ya ubavuni kwa sababu hiyo hiyo, nikavimba wiki moja, nikazoea.

Neno jingine la kulishika kuliko yote ni “hold”. Yeyote anaweza kulipaza: msimamizi, mpiganaji, hata mtazamaji aliyeona mkanda wa chapeo umekatika. Likisikika, kila mtu husimama papo hapo, na katika vita vya makundi hupiga goti, hadi amri ya kuendelea itolewe. Unapolisikia usimalizie pigo, na usisubiri kuelewa sababu. Aliyelelewa kwa Kiswahili na akafikiri kwa Kiswahili huchelewa nusu sekunde kulitafsiri, kwa hiyo lifanyie mazoezi nyumbani. Mwanangu alikuwa akinipigia kelele “hold” nikiwa nafagia, nami nalazimika kuganda na ufagio.

Vita vya makundi ni jambo la baadaye. Kikubwa kuliko vyote ni Pennsic, kilichoanza 1972, ambacho hufanyika wakati wa kiangazi karibu na Slippery Rock, Pennsylvania, na kukusanya watu wapatao 10,000 waliopiga mahema. Huko mapigo huja kutoka kwa watu usiowaona nyuso, na aliyekufa huinua silaha juu ya kichwa na kutoka taratibu ili asipigwe tena. Usiende mwaka wako wa kwanza kama mpiganaji. Nenda kama mbeba maji. Utajifunza mengi zaidi na utarudi na mbavu zako.

Kuhusu mavazi, chama kinataka tu ujitahidi kuvaa kitu cha kabla ya karne ya 17, na hakikulazimishi kuwa Mwingereza. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta sultani, msikiti na wacha Mungu, kwa hiyo mtu wa pwani ana haki kamili ya kuingia uwanjani kama mfanyabiashara wa Kilwa aliyevaa vazi refu la pamba juu ya deraya yake. Atatokea wa kukuuliza kama Afrika ilikuwa na Zama za Kati. Mjibu kwa ufupi, kwa sababu ndani ya chapeo kuna joto.

Yapo pia ya makaratasi. Utatia saini hati ya kukubali kwamba hatari ya kuumia ni yako, nawe uisome kwa makini, hasa ukiwa mwanafunzi au mgeni ambaye bima yake ya afya huenda haigusi michezo ya kupigana. Ulizia kwa maandishi kabla ya kuvaa. Ukisafiri kwa ndege, fimbo na chapeo ziende kwenye mzigo wa chini, na juu yake uweke karatasi inayoeleza kwamba ni vifaa vya mchezo. Ukipigwa kichwani ukaona kichefuchefu au mwanga ukakuumiza macho, usiendeshe gari kurudi nyumbani, hata kama kesho yake una zamu ya alfajiri.

Ukiwa tayari, utaomba idhini. Wasimamizi watakagua deraya yako kipande kwa kipande, watakuuliza sheria, kisha watakutazama ukipigana kwa miguu na kwa magoti. Mgeni hudhani wanatazama ufundi wa upanga wake. Nilipofanyiwa mtihani mimi nilishindwa mapambano yote, na nilipewa idhini, kwa kuwa muda wote walikuwa wakisikiliza ninachosema ninapopigwa.

Ukirudi nyumbani usiiache deraya ndani ya begi. Tandaza sponji zikauke, pangusa jasho kwenye chuma na upake mafuta mepesi, la sivyo kutu itakuwa imeshaingia kufikia Jumatano. Na kama unakaa ghorofani, mweleze mlinzi wa jengo mapema, kabla hajamwona kwenye lifti saa nne usiku mtu mwenye chapeo mkononi na jicho lililovimba.